Sahihi Iliyo Ndani ya Jiwe: Kisa cha Picha Moja ya Henry Bataille

"Kaka, nimepata Bataille, na amesaini kwa mkono wake." Hivyo ndivyo ulivyoanza ujumbe nilioupokea kutoka kwa dada mmoja, mzaliwa wa Bukavu anayeishi kaskazini mwa Ufaransa, ambaye Jumapili moja alinunua katika soko la vitu vya kale picha iliyochapwa kwa wino mweusi, ikiwa ndani ya fremu ya mbao iliyochakaa. Alilipa euro 140. Mchuuzi alimweleza mambo matatu: kwamba picha ile ni litografu halisi, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe, kwamba imesainiwa, na kwamba Bataille aliyeisaini ni yule mwandishi maarufu ambaye vitabu vyake vimejaa madukani. Dada huyo alikusudia kuiuza tena kwenye intaneti kwa faida, na kabla ya kuandika tangazo aliniomba niitazame, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza na kutunza karatasi za zamani.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu si kisa cha utapeli, ingawa mwanzoni mwenye picha alidhani hivyo nilipomweleza niliyoyaona. Maneno mawili kati ya matatu ya mchuuzi yalikuwa ya kweli, na la tatu lilikuwa kosa ambalo huenda hata yeye hakulijua. Ugumu ulikuwa katika neno moja, "imesainiwa", ambalo kwa picha iliyochorwa kwa brashi lina maana moja, na kwa picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe lina maana zaidi ya moja, kila maana ikiwa na bei yake.

Nianze na jina, kwa maana hilo lilikuwa jepesi. Bataille ambaye vitabu vyake vimejaa madukani leo ni Georges Bataille, mwanafalsafa na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1962. Sahihi iliyo kwenye picha, ukiisogelea kwa subira, inasomeka Henry, na herufi ya mwisho ni y, si i. Nyuma ya kadi iliyoegemezwa picha, mkono wa mtu wa zamani ulikuwa umeandika kwa penseli "Mirbeau" na "1901". Mwaka 1901 Georges alikuwa mtoto wa miaka minne. Henry Bataille ni mtu mwingine kabisa, na sijawahi kukutana na muuza vitabu mchanga aliyeweza kunitajia kazi yake hata moja bila kwenda kutafuta.

Haikuwa hivyo zamani. Henry Bataille alizaliwa Nîmes mwaka 1872, na alipokuwa kijana alikusudia kuwa mchoraji: alipita katika shule ya sanaa ya serikali, École des Beaux-Arts, na katika Académie Julian, chuo binafsi cha Paris ambacho wachoraji wengi wa kizazi chake walikipitia. Mwaka 1894 tamthilia aliyoiandika pamoja na Robert d'Humières, La Belle au bois dormant, ilionyeshwa katika Théâtre de l'Œuvre na haikupata mafanikio. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha mashairi, La Chambre blanche, kilichotanguliwa na maneno ya Marcel Schwob. Kisha tamthilia zikamchukua moja kwa moja. Maman Colibri ilitoka mwaka 1904, La Marche nuptiale mwaka 1905, Poliche mwaka 1906, La Femme nue mwaka 1908 na La Vierge folle mwaka 1910, na kwa muda wa miaka kumi hivi kabla ya vita vya 1914 jina lake kwenye bango lilitosha kujaza ukumbi. Wakati huo watu wa Paris walikwenda kuona kwake wanawake waliokwama kati ya tamaa na heshima, wakilia kwa sentensi ndefu zilizopambwa. Alifariki mwaka 1922 huko Rueil-Malmaison. Sinema ilimrefushia maisha kidogo: Julien Duvivier alitengeneza filamu ya Maman Colibri mwaka 1929, na Abel Gance akatengeneza ya Poliche mwaka 1934. Baada ya hapo ukimya ukatanda, na mimi binafsi, niliyesoma tatu kati ya tamthilia zake kwa ajili ya kazi kama hii, siwezi kusema kwamba ukimya huo ni dhuluma. Inafaa hata hivyo kukumbuka kwamba La Femme nue inahusu mchoraji anayepata sifa na kumwacha mwanamke aliyekuwa modeli wake. Mtu aliyeweka brashi chini hakuwa amesahau chumba cha mchoraji kilivyonuka.

Kati ya mashairi na umaarufu wa jukwaani, mwaka 1901, kampuni ya Ollendorff ya Paris ilimchapishia albamu iitwayo Têtes et pensées, yaani vichwa na mawazo, iliyokusanya sura za waandishi wa zama zake zilizochapwa kwa litografia kutokana na michoro yake mwenyewe. Octave Mirbeau ni mmojawapo wa waliochorwa. Kwa hiyo hata kabla ya kuifungua fremu nilikuwa na dhana: kwamba dada yetu hakununua picha iliyochapwa peke yake na kusainiwa moja moja, bali karatasi iliyotoka katika albamu. Lakini dhana haiuzwi wala hainunuliwi, na penseli nyuma ya kadi inaweza kuandikwa na yeyote.

Tuliifungua fremu juu ya meza safi. Kadi iliyokatwa dirisha mbele ya picha ilikuwa ya karatasi duni iliyojaa asidi, na pale ukingo wake ulipogusa picha kwa miaka mingi ulikuwa umeacha mstari wa rangi ya kahawia kuizunguka sura pande zote nne. Juu ya bega la kushoto kulikuwa na madoa madogo ya kahawia yanayoletwa na unyevu. Hakuna aliyewahi kuipiga pasi wala kuibandika gundi ya plastiki, na kwa hilo nilishukuru, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoua picha nyingi za karatasi kuliko panya. Nilipopitisha kidole taratibu kuzunguka sura sikuhisi bonde lolote. Picha zinazochapwa kutoka kwenye bamba la shaba huacha alama ya mstatili uliobonyea, pale bamba lilipoikandamiza karatasi mbichi. Litografu haiachi alama ya namna hiyo, kwa kuwa wino hautoki shimoni bali unakaa juu ya jiwe tambarare.

Hapa sina budi kueleza kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuielewa sahihi. Litografia ilibuniwa na Alois Senefelder mjini Munich kati ya 1796 na 1798, na jambo linalonifurahisha kila ninapolisimulia ni kwamba Senefelder naye alikuwa mtunzi wa tamthilia, aliyekuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa maandishi yake. Alichukua jiwe la chokaa kutoka machimbo ya Solnhofen, jiwe lenye chembe laini mno, akagundua kwamba likichorwa kwa kalamu au wino wenye shahamu, kisha likapakwa mchanganyiko wa asidi kidogo na gundi ya mgunga, ile itokayo kwenye miti ya Sudan na nchi za Sahel, sehemu zilizochorwa hukubali mafuta na kukataa maji, na sehemu zilizobaki hukubali maji na kukataa mafuta. Jiwe likilowanishwa na kupitishiwa rola yenye wino, wino unashika mchoro tu. Karatasi ikiwekwa juu na kubanwa, mchoro unahamia kwenye karatasi, lakini umegeuzwa, kushoto kuwa kulia, kama uso ndani ya kioo.

Neno hilo la mwisho ndilo lililobeba kisa chetu. Mchoraji anayechora moja kwa moja juu ya jiwe na kutaka jina lake lionekane kwenye kila nakala lazima aliandike jina hilo kinyumenyume juu ya jiwe. Wengine walilizoea zoezi hilo mpaka mkono ukawa mwepesi. Wengine herufi zao zilitetemeka, na wapo walioghafilika jina likatoka limegeuka. Njia ya pili ilikuwa kuchora kwenye karatasi maalumu iliyopakwa utando, kisha fundi wa kiwandani akauhamishia mchoro juu ya jiwe. Kwa njia hiyo picha hugeuzwa mara mbili na kurudi ilivyokuwa, na mchoraji husaini kama anavyosaini barua. Katika njia zote mbili sahihi inakuwa sehemu ya mchoro. Jiwe likitoa nakala 50, zinatoka sahihi 50, na likitoa 500, zinatoka 500, hali mchoraji ameandika jina lake mara moja tu, tena pengine hakuwahi kuiona hata moja kati ya nakala hizo.

Ipo pia sahihi ya namna nyingine, ile inayoandikwa kwa penseli au wino chini ya picha baada ya kuchapwa, nakala moja baada ya nyingine. Desturi hiyo ilienea katika miaka ya 1880 na 1890, mchoraji James Whistler akiwa miongoni mwa walioikuza, na ilikuja hasa kwa sababu wanunuzi walianza kuogopa wingi: mashine za uchapaji zilikuwa zimejaza dunia picha za bei rahisi, na mtu aliyetaka kulipa zaidi alihitaji ushahidi kwamba nakala yake ilipita mikononi mwa mchoraji mwenyewe. Kuandika namba ya nakala, kama 12/50, kulifuata mkondo huohuo. Sahihi ya penseli basi inashuhudia karatasi, na sahihi ya jiwe inashuhudia jiwe. Mnunuzi wa leo anayesikia neno "imesainiwa" anafikiria ile ya kwanza, na muuzaji anayelitamka, mara nyingi bila nia mbaya, anamaanisha ya pili.

Turudi mezani. Jambo la kwanza la kuthibitisha lilikuwa kama karatasi hii ni litografu kweli au ni nakala ya litografu iliyopigwa picha na kuchapwa upya kitabuni. Kwa lenzi inayokuza mara kumi, picha iliyopitia kamera ya kiwandani huonekana imevunjwa kuwa vitone vilivyopangwa kwa safu, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Litografu ya kalamu ya nta haina safu. Unaona punje zisizolingana, nyingine nene, nyingine zimegusa tu kilele cha chembe za jiwe, na pale mchoraji alipokandamiza, punje zinaungana kuwa weusi mzito. Kwenye sura ya Mirbeau, masharubu yake mazito yalikuwa na weusi huo, na shavu lilikuwa na punje nyembamba zilizotawanyika bila mpango. Hapakuwa na kitone kilichopangwa. Litografu ilikuwa litografu.

Sahihi ilichukua muda mrefu zaidi. Niliitazama kwanza kwa kurunzi iliyolazwa ubavuni mwa karatasi. Penseli ina grafiti, na grafiti ikimulikwa kwa ubavu hung'aa kijivu kama samaki mbichi. Tena ncha ya penseli, hata ikishikwa kwa upole, hukwaruza kijifereji kwenye karatasi, na ukigeuza upande wa nyuma wakati mwingine unakiona kimetuna. Sahihi ya dada yetu haikung'aa, haikuwa na kijifereji, na nyuma yake karatasi ilikuwa tulivu. Wino wa kalamu nao una tabia zake: husambaa kidogo kwenye nyuzi za karatasi, na wino wa zamani wenye chuma hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita. Hapa rangi ilikuwa nyeusi ileile ya masharubu. Chini ya lenzi, mistari ya jina ilikuwa na punje zilezile za jiwe, imekatikakatika mahali ambapo kalamu ya nta iliruka juu ya chembe. Nashauri mtu yeyote mwenye picha kama hii afike hapo na asimame. Wapo wanaojaribu kwa kifutio, na nimeshawahi kuletewa picha ambayo sahihi yake ya penseli, iliyokuwa ya kweli, ilifutwa nusu na mwenyewe alipokuwa akihakikisha kama ni ya kweli.

Dalili zote zilielekea upande mmoja, lakini dalili za macho zinaweza kubishaniwa. Ushahidi usiobishika ni wa kulinganisha. Binadamu hawezi kuandika jina lake mara mbili kwa namna inayolingana kabisa, mstari juu ya mstari, kona kwa kona, umbali uleule kutoka begani. Jiwe linaweza, na ndiyo kazi yake. Ufaransa ina bahati ya kuwa na sheria ya kuweka nakala za machapisho katika maktaba ya taifa tangu mwaka 1537, wakati wa Mfalme François wa Kwanza, na ingawa kwa karne nyingi sheria hiyo ilitekelezwa kwa kusuasua, imefanya albamu nyingi za zamani zipatikane kwa anayejua kuziomba. Niliomba kuiona nakala ya albamu katika chumba cha kusomea cha maktaba, nikaruhusiwa kupiga picha bila mwanga wa ziada, rula ikiwa pembeni. Nyumbani niliweka picha hizo mbili katika kipimo kimoja kwenye kompyuta na kuzilaza moja juu ya nyingine. Sahihi zilikaa kama kivuli kinavyokaa na mwili. Hata mkatiko mdogo katika herufi B, ambao nilikuwa nimeudhania kuwa mkwaruzo wa karatasi ya dada yetu, ulikuwapo kwenye nakala ya maktaba.

Nilipompigia simu kumweleza, swali lake la kwanza lilikuwa la haki: "Kwa hiyo, kaka, ni feki?" Nilimjibu hapana, na sikumjibu hivyo kwa kumtuliza. Mchoro ni wa Bataille, uchapaji ni wa wakati wa Bataille, na jina liliandikwa na Bataille. Kinachokosekana ni jambo moja tu: mkono wa Bataille juu ya karatasi hii yenyewe. Aliniuliza tena kama basi inaweza kuitwa litografu halisi, ikiwa hata hatujui kama alichora juu ya jiwe au juu ya karatasi ya kuhamishia.

Swali hilo la pili lina historia yake mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 1896 mchoraji Walter Sickert aliandika katika gazeti la Saturday Review la London kwamba Joseph Pennell, aliyekuwa akichora kwenye karatasi ya kuhamishia, hakuwa na haki ya kuziita picha zake litografu. Pennell alimshtaki yeye na mwenye gazeti. Kesi ilisikilizwa Aprili 1897, Whistler akiwa miongoni mwa mashahidi wa upande wa Pennell, na Pennell akashinda na kupewa fidia ya pauni 50. Whistler alikuwa na sababu ya kujali, kwa maana yeye mwenyewe alitumia karatasi hiyo mara nyingi. Uamuzi wa London haukuifunga Paris, lakini unaonyesha fundi na mnunuzi wa wakati wa Bataille walivyouelewa uhalisi: kilichohesabiwa ni mkono wa mchoraji katika mchoro unaochapwa, hata kama njia ya kufika kwenye jiwe ilipita kwenye karatasi. Mimi naafikiana nao. Tofauti kati ya njia hizo mbili inamhusu mpenzi wa ufundi; haimgeuzi Bataille kuwa si mtunzi wa picha.

Lilibaki suala la mchuuzi. Ufaransa ina amri ya tarehe 3 Machi 1981, ambayo watu wa biashara ya sanaa huiita amri ya Marcus, inayopanga maneno ya kuuzia kazi za sanaa. Kwa mujibu wake, anayesema kwamba kazi ina sahihi ya msanii fulani anatoa dhamana kwamba msanii huyo ndiye aliyeitengeneza, isipokuwa kama ametamka wazi kwamba hana hakika. Soma tena kifungu hicho kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Kinachodhaminiwa ni utunzi. Hakuna neno linalosema kwamba sahihi lazima iwe imeandikwa kwa mkono juu ya nakala inayouzwa. Risiti ambayo dada yetu alikuwa ameitunza, na nampongeza kwa kuitunza, ilisema "lithographie signée Bataille", na kila neno katika risiti hiyo lilikuwa kweli. Uongo, kama tuuite hivyo, ulikuwa kwenye yale maneno "yule maarufu", na hayo yalitamkwa sokoni katikati ya kelele, wala hayakuandikwa popote.

Nilimshauri arudi kwa mchuuzi bila hasira, akiwa na picha mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, na aanze na suala la jina, wala asianze na la sahihi. Ukianza na sahihi utaingia kwenye ubishi ambao muuzaji ana hoja ndani yake. Ukianza na Georges aliyekuwa na miaka minne, hakuna ubishi. Ndivyo alivyofanya. Mchuuzi alitazama, akacheka kidogo, akakiri kwamba yeye mwenyewe aliinunua ikiwa ndani ya sanduku la vitu vya marehemu na hakuwahi kujiuliza kuna Bataille wangapi, na akamrudishia euro 40. Alikuwa tayari pia kurudisha fedha zote na kuichukua picha. Dada yetu alikataa, na hapo tukafika kwenye sehemu ya kisa ambayo sikuitarajia.

Bei ya sura iliyochapwa inategemea watu wawili, aliyechora na aliyechorwa. Aliyechora, katika kisa hiki, hatafutwi tena na wengi. Lakini Octave Mirbeau, aliyezaliwa mwaka 1848 na kufariki mwaka 1917, bado anasomwa. Riwaya yake ya mwaka 1900 kuhusu mjakazi, Le Journal d'une femme de chambre, haijawahi kutoka madukani kwa muda mrefu, na mwaka 1993 watafiti walianzisha chama chenye jina lake. Ni yeye aliyewapigania Monet na Rodin magazetini, na ndiye mmiliki wa kwanza wa ile picha ya Van Gogh ya maua ya irisi. Mtu anayekusanya vitu vya Mirbeau atalipa kwa ajili ya uso, na kwake sahihi ya Bataille ni habari ya pembeni. Tangazo linalopaza sauti kuhusu sahihi lingewaita wanunuzi wasiofaa na kuwakosa wanaofaa. Nilipokuwa nikimweleza haya nilitaja, kwa kuwa nilijua ametoka Kivu, kwamba mwaka 1907 Mirbeau alitoa kitabu cha safari zake za motokaa, La 628-E8, kilichopewa jina la namba ya gari lake, na kwamba ndani yake kuna kurasa alizoziita mpira mwekundu, ambamo anasimama Ubelgiji mbele ya mpira wa Kongo, ule utokanao na utomvu wa mimea, na kueleza kwa ukali damu iliyomwagwa ili upatikane. Simu ilinyamaza. Kisha akauliza kitabu hicho kinapatikana wapi.

Kwa hiyo picha haikuuzwa. Kazi iliyonibakia ilikuwa ya kawaida: kuitoa kwenye kadi ya asidi, kusafisha vumbi kwa brashi laini, kuiacha mistari ya kahawia ilivyo kwa sababu kuiosha kungeihatarisha kuliko kuifaa, na kuiweka kwenye kadi ya pamba isiyo na asidi, ikishikwa kwa bawaba za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo siku moja fundi mwingine ataweza kuitoa kwa maji. Nilimwambia aitundike ukuta usiopigwa na jua. Kipande cha kadi chenye mwandiko wa zamani wa penseli kilikatwa na kuhifadhiwa ndani ya bahasha pamoja na risiti, maana hata kadi mbovu ikibeba mwandiko ni sehemu ya historia ya kitu.

Tuliandika pamoja maelezo ya kukaa nyuma ya fremu, atakayeirithi asianze upya safari yetu: "Henry Bataille (1872–1922), sura ya Octave Mirbeau, litografu ya kalamu ya nta, kutoka albamu Têtes et pensées, Paris, Ollendorff, 1901. Sahihi imo ndani ya jiwe. Hakuna sahihi ya mkono. Kingo zina alama ya kahawia ya kadi ya zamani." Fundi wa fremu aliyechapa kibandiko hicho alipokirudisha alikuwa amesahihisha, kwa wema wake, akaweka Georges. Tulikichapa upya.